Somo: Kulisha mnazi kwenye mchanga wa pwani

Minazi mingi ya Malindi na Lamu haijawahi kuonja mbolea. Tunaangua nazi na madafu, tunakata makuti, makumbi tunayachoma. Na sehemu kubwa ya potasiamu ya nazi iko kwenye kumbi. Tunachoma mbolea yenyewe.

1. Tazama makuti ya chini. Potasiamu ikipungua, majani makuukuu hutoka madoa ya manjano kama chungwa, ncha zikaungua, huku kilele ni kibichi. Ukingo ukiwa manjano na katikati kijani, hiyo magnesiamu. Mti mzima ukipauka, naitrojeni.

2. Ngoja masika yaloweshe ardhi. Usiweke siku ya mvua kubwa. Mchanga wetu haushiki kitu, mbolea huzama chini ya mizizi. Gawa mara mbili, masika na vuli.

3. Palilia duara la mita 1.5 hadi 2 kutoka shinani, tawanya humo, fukia kidogo. Yurea, mbolea ya naitrojeni, ikiachwa juu hupotea hewani.

4. Kipimo cha India kwa mnazi mkubwa, kwa mwaka: naitrojeni gramu 500, fosfeti (ya fosforasi) 320, potashi (ya potasiamu) 1,200. Potashi hiyo ni kama kilo 2 za MOP, yaani mbolea ya kloridi ya potasiamu. Pesa haitoshi? Mimi ningeanza na potashi.

5. Makumbi sasa. Chimba mtaro katikati ya safu za minazi, yapange tabaka juu ya tabaka, tumbo la kumbi litazame juu lishike maji, kisha fukia. Kiangazi kikikaza, fukua kidogo uyaguse: utayakuta yana unyevu wakati mchanga wa kando unapeperuka. Kwenye mashamba ya michikichi Malesia nako hurudisha shambani mikungu iliyokwisha kutolewa matunda.

MASWALI

Mwanachama wa Shela: Salaam aleikum maalim. Samadi ya punda huku ni tele. Tuimwage tu?
— Waaleikum salaam. Iive kwanza, na lundo lisikae karibu na minazi. Chonga, mbawakawa anayetoboa minazi, hutaga humo. Lipindue mara kwa mara. Mabuu wape kuku, watakushukuru.

Mwanachama wa Msabaha: Eti chumvi ya kupikia ni mbolea ya mnazi?
— Ni kweli, mnazi hutaka klorini, na Ufilipino huitumia. Lakini shamba lililo karibu na bahari hupata chumvi ya upepo, na MOP ina klorini tayari. Chumvi yako tia mchuzini.

Mwanachama wa Gongoni: Kaka, nimetia mbolea masika haya, vidaka, nazi changa, bado vinapukutika.
— Vingine hupukutika kwa kawaida, ndugu yangu. Karara la maua linaloanza kuumbika leo huchukua zaidi ya miaka 3 hadi nazi ikomae. Na kama mti huo unagemwa, usiudai nazi.