Gurami wadogo wa maji meusi: kuwatunza, kuwatambua na kuwazalisha

Tumbukiza jani kavu la mti wa mkungu (Terminalia catappa) kwenye chupa ya maji ya bomba. Baada ya siku mbili tatu maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi, na mtu ataamini kwamba ameshapata maji meusi, yaani maji ya kinamasi wanamoishi gurami hawa. Rangi hiyo ndiyo inayowaponza wafugaji wengi. Jani linatia rangi na asidi kidogo, lakini haliondoi chokaa wala chumvi zilizomo ndani ya maji. Kwa gurami wa jenasi ya Parosphromenus, wingi wa madini una uzito kuliko rangi.

Samaki hawa wana urefu wa sentimita 2.5 hadi 4 tu. Kwao ni vinamasi vya mboji vya Rasi ya Malay, Sumatra, Borneo na visiwa kama Bangka na Bintan. Huko mvua huchuja kwenye majani yaliyooza bila kukutana na chokaa, kwa hiyo maji hayana karibu madini yoyote, na pH yake (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) mara nyingi ni kati ya 3.5 na 5.5. Bakteria ni wachache sana kwenye maji ya namna hiyo. Ukiwaweka kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi, samaki wakubwa wanaweza kuvumilia kwa muda, ila mayai yataota ukungu na samaki wenyewe watashambuliwa na magonjwa ambayo miili yao haikuzoea kupambana nayo.

Maji kwanza

Nunua kipima TDS, chombo kinachoonyesha wingi wa madini yaliyoyeyuka majini, kabla hujanunua samaki. Kwa kufuga tu, lenga chini ya 40. Kwa kuzalisha, chini ya 20. Maji ya mvua yanafaa mno, ila yasitoke kwenye bati. Mabati yana zinki, na maji laini yenye asidi huing'oa zinki hiyo na kuwapa samaki sumu. Acha mvua inyeshe dakika 15 isafishe hewa, kisha tandika turubai safi la plastiki uwanjani na uyakinge moja kwa moja kwenye ndoo. Pasipo mvua, tafuta maji ya mtambo wa kuchuja wa RO, unaoondoa madini, lakini yapime dukani hapo hapo, kwani wauzaji wengi hurudishia madini ili yapate ladha. Maji ya betri usiyaguse: mengine yanayouzwa kwa jina hilo ni asidi. Kuchemsha maji ya bomba nako hakutoshi, kunapunguza chokaa kiasi tu na chumvi nyingine zinabaki.

Kwenye ndoo ya lita 20 weka majani 4 ya mkungu yenye urefu wa kama sentimita 20. Yawe yameanguka yenyewe na kukauka, ya kahawia au mekundu, yasiyotoka kando ya barabara wala mahali palipopuliziwa dawa. Majani ya mfenesi na ya mpera yanafaa pia. Funika ndoo, subiri siku 5 hadi 7, kisha pima pH. Karatasi za kupimia hudanganya kwenye maji laini ya kahawia. Tumia kipima cha umeme kilichosawazishwa kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7, na ukiache ndani dakika kadhaa maana kwenye maji haya husoma polepole. Kati ya 4.5 na 5.5 panatosha kwa spishi nyingi.

Kuna mtego mmoja unaoua samaki kwa saa chache, nao unahitaji kueleweka vizuri. pH ikishuka chini ya 6, bakteria wanaosafisha amonia hulegea, na karibu na 5 karibu wanasimama kabisa. Uchafu hujikusanya kwa umbo la amoniamu, ambalo kwenye asidi halina madhara makubwa, kwa hiyo samaki wanaonekana wazima. Siku mwenye tangi anapoona maji yamechoka na kubadilisha nusu nzima kwa maji ya bomba yenye pH 7.5 au 8, amoniamu ile inageuka amonia yenye sumu na samaki wanakufa jioni ile ile. Ndiyo maana hapa tunabadilisha asilimia 10 hadi 15 kila wiki, kwa maji yaliyoandaliwa kwa namna ile ile, na tunalisha kidogo kidogo.

Tangi

Dume mmoja na jike mmoja wanatosheka na tangi la sentimita 30 × 20 × 20, yaani lita 12. Kundi la samaki 6 hadi 8 lipewe lita 40 au zaidi. Kifuniko ni lazima. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, povu likitoka taratibu, ndilo linalofaa. Mkondo wa nguvu huwachosha. Chini unaweza usiweke kitu, au uweke mchanga mwembamba usio na chokaa. Mchanga wa ufukweni una vipande vya makombe: udondoshee siki, ukitoa povu uachane nao. Juu yake tandaza majani makavu unene wa sentimita 2 hadi 3, na ongeza mosi ya Java (mmea mdogo laini wa majini) na mimea ya kuelea ili mwanga ufifie.

Joto liwe nyuzi 23 hadi 26. Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, shida ni joto kuzidi wala si baridi. Weka tangi sakafuni, mbali na dirisha, na feni ndogo ipulize juu ya maji. Upepo ukipunguza maji, jazia kwa maji ya mvua yasiyo na madini, kwani kinachoruka ni maji peke yake na chumvi hubaki.

Chakula ni hai. Wengi wao hawaangalii kabisa chakula cha kopo. Wape dafnia (viroboto vya maji), viluwiluwi wadogo wa mbu na Artemia (vikamba vidogo vya maji ya chumvi) walioanguliwa karibuni. Ndoo ya viluwiluwi ivunwe kila siku na ifunikwe wavu, la sivyo utakuwa unafugia mtaa mzima mbu wa dengi.

Kumtambua uliye naye

Hapa pana mkanganyiko mkubwa. Mtaalamu wa samaki Bleeker alimweleza Parosphromenus deissneri (kwa kifupi P. deissneri) wa kisiwa cha Bangka mwaka 1859, na kwa miaka mingi kila gurami wa namna hii dukani aliitwa jina hilo. Mwaka 1998 wataalamu wengine wa samaki, Kottelat na Ng, walimweleza upya, na pamoja naye wakamtaja P. bintan kama spishi mpya. Anayeuzwa leo kama deissneri mara nyingi ni bintan au jamaa yake wa karibu. Deissneri wa kweli dume ana uzi mwembamba unaochomoza katikati ya pezi la mkia.

Usijaribu kumtambua samaki aliyetoka safarini. Atakuwa wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi ubavuni, sawa na wenzake wote. Subiri dume aanze kutongoza, ndipo usome mapezi yake: rangi ya mikanda, mpangilio wake kutoka mwilini kwenda ukingoni, na umbo la mkia. P. filamentosus na P. linkei wana mkia uliochongoka, na linkei huwa na doa jeusi ubavuni. P. ornaticauda ni mdogo kuliko karibu wote, na mkia wake una mwali mwekundu. P. quindecim ni mkubwa, na jina lake, kumi na tano kwa Kilatini, linahusu miiba ya pezi lake la mgongo. P. paludicola pezi lake la mgongo ni refu na rangi zake zimefifia.

Majike ni kazi ngumu zaidi. Hata jicho lililozoea hukosea. Kwa hiyo usichanganye kamwe spishi mbili kwenye tangi moja.

Kuzalisha

Dume anataka pango. Kifuu cha nazi kilichochemshwa dakika 20 ili mafuta yatoke, kikatobolewa mlango wa sentimita 2 na kulazwa kifudifudi, kinafaa kabisa. Kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 7, kilichozibwa upande mmoja, nacho kinakubalika. Weka mapango mawili ili dume achague.

Akiwa tayari, dume hutanua mapezi yote mbele ya jike na kutetemeka, rangi zikiwaka. Mtazame jike: mistari yake inapotea, mwili unapauka, na jicho linaiva weusi. Hiyo ndiyo ishara ya kweli. Bila jicho jeusi, dume anapoteza muda wake. Hukumbatiana chini ya dari ya pango, mayai yanadondoka kidogo kidogo na kubandikwa darini, kati ya vipovu vichache. Kwa kawaida ni mayai 20 hadi 60. Baada ya hapo dume hulinda peke yake, akiokota kila yai linaloanguka na kulirudisha.

Usimulike tochi pangoni kila saa. Dume aliyesumbuliwa hula mayai. Mara ya kwanza na ya pili huenda akayala hata bila kusumbuliwa; mwache ajifunze. Mayai yakigeuka meupe yote kwa pamoja, rudi kwenye kipima TDS kabla hujamlaumu dume.

Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 3, na vifaranga huanza kuogelea baada ya kama wiki moja. Wavute kwa mpira mwembamba wa hewa na uwahamishie kwenye chombo cha lita 3 hadi 5 chenye maji ya tangi lile lile, jani moja na mosi kidogo. Vifaranga wa spishi nyingi wanameza Artemia mara moja. Wa ornaticauda ni wadogo mno na huhitaji kwanza vijidudu vya kwenye maji ya majani yaliyooza.

Artemia huanguliwa kwenye lita 1 ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi, hewa ikipulizwa kwa nguvu, kwa saa 24 hadi 36. Wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kulisha. Lisha kidogo mara mbili kwa siku, kwani wasioliwa hufa kwenye maji laini ndani ya saa chache na kuoza. Vuta mabaki kila jioni, kisha rudishia maji tone kwa tone. Konokono hawatakusaidia usafi: asidi hulila gamba lao.

Vumbi la dhahabu mwilini ni ugonjwa wa Oodinium, adui mkuu wa samaki hawa. Dawa za shaba ziepuke, maana kwenye maji laini sumu ya shaba huwa kali zaidi. Mtenge mgonjwa, funika chombo kiwe giza, na hakikisha maji yake ni safi na laini.

Jinsia huonekana vizuri kati ya miezi 4 na 6. Unapomgawia mwenzako vifaranga, bandika kwenye chombo jina la spishi na mahali walipotoka wazazi wao. Vinamasi vingi vya asili vimekaushwa kwa ajili ya michikichi, na kwa baadhi ya koo hizi karatasi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya mto walikotoka.