Una uvimbe kwenye kizazi? Anza na kuhesabu pedi

Shoga, ukiambiwa una fibroidi usikimbilie kuwaza kansa. Ni uvimbe unaoota kwenye msuli wa kizazi, kugeuka kansa ni nadra mno, na sisi wanawake weusi ndo unatupata zaidi na mapema. Wengine wanao na hawajui mpaka siku wapige utrasaundi ya mimba.

Chukua simu yako uandike hedhi imeanza lini, imeisha lini, pedi ngapi kwa siku. Ikizidi siku 7, au pedi inaloa ndani ya saa moja au mbili, au yanatoka mabonge makubwa, usiseme ndo nilivyoumbwa. Cheki pia kama tumbo la chini linajaa, unakojoa kila saa, choo kigumu, kiuno kinauma, tendo linauma.

Hospitali omba utrasaundi na wingi wa damu, kuna watu wanatembea na damu 6, yaani imepungua sana, wanasingizia uchovu wa kazi. Majibu yakitoka usiulize ukubwa tu, uliza UKO WAPI, maana ulioingia ndani anapokaa mtoto hata ukiwa wa sentimita 2 unaweza kukumwagisha damu balaa, wakati wa nje unafika saizi ya embe dodo na kazi yake kubana kibofu tu.

Kama haukusumbui unaachwa unafuatiliwa, unalishwa na homoni kwahiyo ukikoma hedhi mara nyingi unasinyaa. (Ila umeshakoma halafu damu ikatoka tena, nenda haraka, hiyo ni habari nyingine.) Damu ikiwa nyingi kuna vidonge vya traneksamiki, unameza siku za hedhi tu, na kama ulishawahi kuganda damu mguuni mwambie daktari kwanza, au kitanzi cha homoni, pamoja na vidonge vya kuongeza damu ambavyo tafadhali usimezee chai.

Vile vidude vya kuchomeka ukeni eti vinasafisha kizazi achana navyo, uvimbe umejichimbia kwenye msuli vitaufikiaje? Vinakuunguza tu.

Operesheni zipo mbili, kutoa uvimbe kizazi kibaki, japo unaweza kuota tena, au kutoa kizazi chote. Ukichagua ya kwanza na bado unataka mtoto, usitoke wodini bila kuuliza kizazi kimepasuliwa hadi ndani au la, na uandikiwe, kwasababu ndo kitu kikubwa kinachoamua kama utajifungua kawaida au kwa kisu.