Somo: Dumu la alizeti lililoharibika usilimwage, ila usilipikie

Kila baada ya mavuno swali ni lilelile. Mtu amepita barabara ya Singida, kaona madumu yamepangwa, bei nzuri, kabeba lita 20. Anafika nyumbani Dodoma mafuta yanafura povu kwenye karai, au yananuka, au chini kuna matope. "Nifanyeje?" Naandika hapa mara moja. Ukiulizwa, mwonyeshe mwenzio.

Jambo la kwanza: mafuta machafu na mafuta yaliyochacha ni vitu viwili. Machafu yanarudi jikoni. Yaliyochacha hayarudi, yanakwenda kwenye sabuni.

1. Acha dumu litulie siku tatu nne, gizani, bila kutikiswa. Mimina ya juu taratibu.

2. Chuja kwa kitambaa cha pamba kikavu.

3. Nusa, kisha onja tone moja. Yakinukia alizeti, hata kama rangi imekolea, ni mazima. Yakikwaruza koo na kuacha uchungu ulimini, yamechacha. Kitunguu, limao, mkate wa kuunguza, vyote hivyo vinaficha harufu tu. Ubovu unabaki palepale.

4. Mazima yenye povu. Mafuta ya kinu kidogo hayajasafishwa, yana utomvu wa mbegu, na huo ndio unaofura. Pasha mafuta hadi yawe moto, nyuzi 70 hivi, yasifike kutoa moshi. Epua, tia maji ya moto mililita 300 kwa kila lita 10, koroga robo saa, acha hadi kesho yake. Utomvu utazama na maji. Teka ya juu, rudisha kwenye moto mdogo hadi milio ya maji iishe kabisa. Ukikaangia kabla milio haijaisha, yatakurukia usoni. Hata yakiwa safi hivyo, yanatoa moshi mapema kuliko ya dukani. Ni ya kuungia mboga na kukaangia vitunguu. Moto mkali wa chipsi hayauwezi.

5. Yaliyochacha: sabuni. Kwa kilo 1 ya mafuta (kilo, siyo lita) unahitaji kostiki soda (kemikali kali ya kutengenezea sabuni, hidroksidi ya sodiamu) gramu 128 na maji gramu 250. Alizeti peke yake hutoa sabuni laini, kwa hiyo mimi huchanganya: alizeti gramu 700, mawese ya Kigoma gramu 300, kostiki gramu 130. Ukitumia nazi badala ya mawese, kostiki inapanda hadi gramu 142. Usibadilishe aina ya mafuta ukaacha kostiki ileile.

6. Kuyeyusha kostiki. Someni hapa polepole, maana sufuria yangu moja ilitobokea kwenye hatua hii. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inakula aluminiamu: inachemka yenyewe, inatoa gesi inayoweza kushika moto, na chombo kinaisha huku unatazama. Tumia ndoo nene ya plastiki na mwiko wa mbao ambao hautarudi jikoni. Maji yatangulie ndoani, kostiki ifuate kidogo kidogo. UKIMWAGA MAJI JUU YA KOSTIKI ITALIPUKA KUKUELEKEA. Maji yatapanda joto ghafla hadi yakaribie kuchemka bila jiko, na mvuke wake unachoma kifua, kwa hiyo fanyia nje. Dodoma upepo haukosi. Simama uwe unakupiga mgongoni. Vaa glavu, miwani, na viatu vya kufunika, ndala hapana. Ikikudondokea, maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, tena mara moja. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo kisha hospitali. Na isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto hajui kusoma ulichoandika juu ya chupa.

7. Maji ya kostiki yakipoa hadi uvuguvugu, yamimine kwenye mafuta ya uvuguvugu. Koroga upande mmoja hadi yawe kama uji uliokolea. Alizeti nzima huchelewa. Iliyochacha hukolea haraka, basi uwe na boksi tayari, limetandikwa nailoni.

8. Kata kesho yake. Anika kivulini wiki sita ndipo utumie.

MASWALI

Mdau wa Kibaigwa: Mkuu, hiyo kostiki ni vijiko vingapi? Sina mizani.

Jibu: Nimeandika gramu. Punje na magamba havijazi kijiko sawa, ikizidi itakuchuna mikono. Muuza kemikali akupimie gramu 128 hukohuko na akufungie.

Kijana wa Chang'ombe: Magadi ya maharage hayawezi kufanya kazi? Kostiki inaniogopesha.

Jibu: Hayawezi. Utapata mafuta yenye magadi. Kuogopa ni vizuri, endelea kuogopa ukiwa umevaa glavu.

Kijana wa Chang'ombe: Lakini bibi yangu alitengeneza kwa majivu.

Jibu: Hapo umenipata vizuri. Maji ya majivu yana magadi ya aina nyingine, na wazee waliyachemsha na mafuta kwa muda mrefu sana. Hutoa sabuni laini ya kuchota, mche hautoki. Kama bibi yupo, mwambie aeleze hapa, nitasoma mimi wa kwanza.

Chipsi Area C: Nichanganye mabovu nusu na mazima nusu nikaangie?

Jibu: Hapana.

Chipsi Area C: Hata robo?

Jibu: Mabovu yanaharakisha mazima kuharibika. Utapoteza yote, na wateja.

Mama wa Nkuhungu: Kaka, sabuni yangu ilitoka nzuri, miezi miwili baadaye ikaota madoa ya rangi ya machungwa na ile harufu ikarudi. Nilipima kila kitu.

Jibu: Dada, hukukosea vipimo. Kwenye gramu 128 nimeacha mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni ili isikaushe ngozi. Mafuta ya alizeti hushambuliwa upesi na hewa, na hayo yaliyobaki ndiyo yanayochacha. Ukianza na yaliyochacha tayari, safari ni fupi zaidi. Kwa sabuni ya kufulia panda hadi gramu 131, ongeza mawese, usianike kwenye waya wenye kutu. Halafu maji: visima vyetu vingi ni vya chumvi na chokaa. Kinga maji ya mvua msimu ukifika. Hata ukifulia kwa maji hayo, sabuni hiyo haitaacha ukoko mweupe kwenye beseni.

Mama wa Nkuhungu: Asante sana kaka. Nina karanga pia zimeota ukungu, nizikamue kwa ajili ya sabuni?

Jibu: Hizo acha kabisa. Ukungu ni habari nyingine, unaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Usimpe hata ng'ombe, inapita kwenye maziwa. Zifukie.

Fundi seremala, Kizota: Mimi yaliyochacha napaka mipini ya majembe. Mara mbili, nafuta, naanika. Haipasuki kwa jua letu.

Jibu: Safi fundi, hii naongeza. Ila vitambaa vyenye mafuta hayo usivirundike pembeni ya karakana. Yakikauka yanatoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje au viloweke.

Mgeni Ihumwa: Sasa nikinunua nitajuaje kabla sijalipa?

Jibu: Nusa mdomo wa dumu, omba tone uonje. Madumu yaliyoshinda juani barabarani yapite, hata muuzaji akipunguza bei. Omba yaliyo ndani kivulini. Nyumbani gawa kwenye vyombo vidogo, jaza hadi juu hewa isipate nafasi, funga, weka kabatini. Na usimiminie kwenye dumu lenye masalia ya zamani.