Kabla hujafunga presi: bamba la mkonge na polipropilini

Presi, yaani mashine ya kukandamiza kwa joto, ikishafungwa huna la kufanya ila kungoja. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya jana yake, ya asubuhi yake, na ya zile dakika chache unapotafuta glavu. Kazi yenyewe ni kutengeneza bamba la plastiki lililotiwa mkonge, kwa joto na mgandamizo. Viwanda vya magari vya Ulaya hutengeneza paneli za milango kwa njia za jamii hii hii, na karakana yenye presi ya tani 20 inaiweza kwa kiasi chake.

Neno moja la lugha kwanza. Kiswahili kinapima joto kwa nyuzi, na mmea nao una nyuzi. Tusichanganyane: hapa nyuzi ni za joto (Selsiasi), na za mkonge nitaziita singa.

Anza na maji. Singa zikiachwa kwenye hewa ya kawaida hubeba maji kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, na hewa ya Tanga au Mombasa haina huruma. Ukizishika utaapa kwamba ni kavu. Gramu 40 za singa zinaweza kuficha gramu 4 za maji, na kila gramu ikigeuka mvuke hujaza karibu lita mbili. Mvuke huo ukifungiwa kwenye nyuzi 180 husukuma kwa takriban kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Presi ikikandamiza zaidi ya hapo, maji hutulia ndani kama hayapo. Ukiifungua ingali ya moto, bamba linaumuka kama andazi. La kwangu la kwanza lilitoka na malengelenge pande zote mbili, nikailaumu plastiki wiki nzima.

Basi zikaushe kwenye oveni, nyuzi 105 kwa saa kadhaa au nyuzi 80 usiku kucha. Saa ya ukutani haikwambii zimekauka, mizani ndiyo ikwambiayo: pima, rudisha nusu saa, pima tena, mpaka uzito uache kushuka. Zikitoka ziingie papo hapo kwenye mfuko uliofungwa. Ukiziacha mezani ukaenda kunywa chai, nazo zinakunywa. Kabla ya kuzikausha zipige brashi, maana makapi ya jani yaliyobaki hayashikani na plastiki na ndiyo huungua mwanzo.

Plastiki sasa. Polipropilini, ndiyo plastiki ya kazi hii, huyeyuka kati ya nyuzi 160 na 165, na singa huanza kubadilika rangi na kupoteza nguvu zikikaribia 200. Nafasi yako ya kufanyia kazi ni hiyo ndogo iliyo katikati, tuseme 175 hadi 190. Hii ndiyo sababu chupa za maji hazifai kabisa: plastiki yake huyeyuka karibu na nyuzi 250, na singa haziwezi kulingoja joto hilo. Ukitumia plastiki ya kuokota, tafuta namba 5 ndani ya ile pembetatu iliyochapwa kwenye chombo. Pasipo namba, tupa kipande ndani ya maji. Polipropilini tupu huelea. PVC, plastiki ya mabomba, huzama, na hiyo isikaribie presi yako, maana ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokula mapafu na chuma pia. Jerikeni nayo huelea, lakini ni polithini, huyeyuka karibu na nyuzi 130, kwa hiyo kuelea peke yake si ushahidi kamili. Mkonge unapenda maji na polipropilini inayakataa, ndiyo maana haviungani vizuri. Ukipata polipropilini iliyopandikizwa maleiki, kemikali inayoisaidia kushikana na mkonge, changanya asilimia 2 hadi 5 na utaona tofauti ukilivunja bamba.

Hesabu ya uzito ifanye kwenye karatasi. Bamba la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 3, ni sentimita 120 za ujazo. Ukitaka asilimia 30 ya uzito iwe mkonge, utahitaji gramu 37 za singa na gramu 86 za plastiki. Zipange kwa tabaka, plastiki, singa, plastiki, singa, na plastiki juu. Polipropilini iliyoyeyuka ni nzito kama ugali laini na haisafiri mbali. Ukirundika singa katikati, zitabaki kavu humo humo.

Hesabu nyingine ni ya mgandamizo, na hii huwapotosha hata mafundi wazuri. Tani 20 juu ya bamba hilo ni kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Ukipanua bamba kuwa 30 kwa 30, presi ile ile inabaki na kilo 22. Geji haitakwambia, kwa sababu inasoma mgandamizo wa mafuta yanayosukuma pistoni: pistoni yenye kipenyo cha sentimita 6 itaonyesha kama kilo 700 huku bamba lako likihisi 50. Kuna mwizi mwingine, fremu ya chuma inayowekwa kuzuia unene. Mabamba ya presi yakishaigusa, mzigo wote unabebwa na fremu na plastiki haikandamizwi tena. Ongeza gramu chache juu ya hesabu yako.

Joto lipime katikati ya tabaka. Toa bamba moja la kujaribia, uulaze waya wa themokapo (kipima joto) ndani yake, uandike dakika ngapi zinapita mpaka katikati pafike 175. Plastiki hupitisha joto polepole, na kibao cha hita kitakuwa kimefika zamani.

Shuka za tefloni, za kuzuia plastiki isigande kwenye chuma, zikate mapema, madirisha yawe wazi, glavu ziwe za ngozi.

Amua pia utapoozaje, kwa sababu bamba halitoki mpaka lishuke chini ya nyuzi 80 likiwa bado limebanwa, la sivyo litapinda. Presi yenye mifereji ya maji ipoozwe kwanza kwa hewa. Maji ya baridi kwenye chuma cha nyuzi 180 hugeuka mvuke ndani ya mpira wa maji, na mpira hupasuka.

Na umeme. Ukikatika plastiki ikiwa imeshayeyuka, usifungue: endelea kupampu kwa mkono kidogo kidogo, maana plastiki husinyaa ikipoa na mgandamizo hushuka nayo. Ukikatika kabla haijayeyuka, toa kila kitu. Plastiki utaitumia tena. Singa zilizopikwa nusu nusu ni za kutupa, kwa hiyo siku zote kausha fungu la pili.