Uko masters na makala zinakudai dola? Soma hapa

Kama uko masters au PhD na kila makala ya utafiti unayobonyeza mtandaoni inataka hela, usilipe kwanza. Nenda laibrari ya chuo umuombe mkutubi paswedi ya Research4Life (mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya utafiti bure au kwa bei ndogo), vyuo vingi Tanzania na Kenya vimesajiliwa ila wanafunzi hata hatuambiwi (sijui kwa nini inafanywa siri), humo kuna makusanyo ya makala kama Hinari ya afya na AGORA ya kilimo. Ukikwama ingia Google Scholar, chini ya makala kuna kalinki ka matoleo mengine, mara nyingi PDF ya bure imejificha hapo. Bado? Mwandikie mwandishi imeili, mistari mitatu tu, wengi wanatuma. Skolashipu nazo, Chevening (ile ya serikali ya Uingereza ya kusomea masters) wanataka uzoefu wa kazi miaka 2, cheki hilo kabla hujaanza kumsumbua profesa akuandikie barua ya mapendekezo.