Kuchagua ndege ya pili ya kuongozwa kwa redio

Aliyerusha ndege ya kujifunzia kwa miezi kadhaa, ile yenye bawa lililokaa juu ya kiwiliwili na chaneli tatu tu (yaani vitu vitatu tu vya kuongoza kwa rimoti), hufikia siku ambayo anaipaisha, anaizungusha na kuitua karibu na miguu yake bila mapigo ya moyo kubadilika. Siku hiyo macho hukimbilia modeli za ndege za vita kama Mustang au Spitfire, kwa kuwa ni ndege zenye umbo zuri mno, na hapo ndipo ninapomsihi asubiri kidogo.

Ndege ya kujifunzia hujinyoosha yenyewe ukiachia vijiti vya rimoti, ilhali modeli nyingi za ndege za vita ni nzito kwa ukubwa wake, na mabawa yake huwa membamba kuelekea ncha, kiasi kwamba ukipunguza mwendo kupita kiasi ncha moja huacha kuibeba ndege kabla ya nyingine. Nilipoteza moja kwa namna hiyo: nilikuwa kwenye kona ya mwisho ya kutua, mita nane hivi juu ya nyasi, nikapunguza mota kama nilivyozoea na kuvuta eleveta, kile kipande cha mkiani kinachoinua pua, ili igeuke upesi. Bawa la kushoto lilianguka ghafla, na pua ikachimba udongo kabla sijawahi kusukuma kijiti.

Kazi ya ndege ya pili ni kukufundisha eleroni, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto, bila kukuadhibu kwa kila kosa. Tafuta yenye chaneli nne, bawa la chini au la kati lililo nene na lenye ncha zilizoinuliwa kidogo. Mfano ninaoupenda ni T-28 Trojan, modeli ya ndege iliyotumika kufundishia marubani wa jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1950; za povu zenye bawa la mita 1.1 au 1.2 ni tulivu, na magurudumu yake matatu hurahisisha kupaa kwenye njia iliyo laini. Ikiwa uwanja wako ni wa nyasi ndefu na mashimo, FunCub ya kampuni ya Multiplex, yenye matairi makubwa, itakufaa zaidi ingawa bawa lake liko juu, kwa sababu eleroni utazijifunza vilevile.

Kabla ya kulipa, piga hesabu moja: gawanya uzito wa ndege pamoja na betri kwa eneo la bawa. Ndege ya gramu 1,150 yenye bawa la desimeta za mraba 25 hubeba gramu 46 kwa kila desimeta ya mraba, nami kwa ndege ya ukubwa huo nisingependa kuvuka 50.

Halafu angalia betri. Ndege nyingi za kiwango hiki hutumia lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli tatu, volti 11.1, yenye ujazo wa mAh 2,200 hivi, na kama unazo tayari, chagua ndege itakayozipokea. Ukiagiza kupitia ndugu anayesafiri, mwambie betri za akiba azibebe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake za umeme zikiwa zimefunikwa, wala asiziweke kwenye mzigo wa chini ya ndege. Hiyo niliyotaja ina wati-saa 24.4, chini sana ya kikomo cha 100 ambacho abiria huruhusiwa bila kibali. Kwa walio Kenya na Tanzania, uliza pia mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu vibali kabla ya kuagiza.

Uliza kama bawa, pua na kitako cha mota vinauzwa peke yake, maana vitavunjika. Povu la EPO, ambalo ndege nyingi za namna hii hutengenezwa nalo, hukubali gundi ya epoksi na hata supaglu, lakini povu jeupe la vifungashio huyeyushwa na supaglu ya kawaida.

Ndege ikifika, ibebe kwa vidole viwili chini ya bawa, mahali palipoandikwa kwenye kitabu chake, uone kama inakaa sawa au pua inainama kidogo tu. Ikiangukia mkia, usiirushe mpaka usogeze betri mbele. Kisha simama nyuma yake na usukume kijiti cha eleroni kulia: eleroni ya kulia lazima ipande na ya kushoto ishuke.