Kumsomesha mtoto aliye Nakivale ukiwa ughaibuni

Nawaandikia ndugu zangu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, mlioko Ulaya na Amerika, na Mswahili mwingine yeyote ambaye simu yake hulia usiku kwa habari za mtoto aliyebaki kambini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira kabla hatujakimbia. Sasa niko Bolton, Uingereza, nahudumia wazee kwa zamu. Kina mama wachache hapa tuna likelemba, yaani kikundi cha kuchangishana fedha, na sehemu ya fedha zake huenda Nakivale, kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Haya ni yale tunayoyafanya.

Mtafute mlezi kwanza

Ni nadra mtoto aliyepoteza wazazi kuwa peke yake kabisa. Yuko na bibi, na shangazi, na kaka mwenye miaka 17, au na jirani aliyevuka naye Bunagana mwaka 2022 vita vya waasi wa M23 vilipofika mpakani. Huyo ndiye utakayefanya naye kazi, kwa hiyo mpigie kabla hujatuma hata senti. Muulize anakaa upande gani, maana Nakivale ni kubwa, ina Base Camp, Juru na Rubondo, na kutoka huku kwenda kule ni nauli ya bodaboda. Muulize ni nani wameandikwa kwenye karatasi ya familia ya OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu. Halafu muulize watoto wangapi wanakula kwenye sufuria yake. Ukimnunulia mmoja viatu na wenzake wakaenda pekupeku, umempa mtoto huyo maadui ndani ya nyumba. Sisi madaftari tunanunua ya nyumba nzima, hata kama ada tunamlipia mmoja.

Akitokea mtu wa kukushauri mtoto apelekwe kituo cha yatima ili afadhiliwe vizuri, kataa kwa heshima. Watoto wengi wanaolelewa vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowapeleka huko ni ufukara. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia. Msaidie bibi aweze kukaa naye.

Ada, na yale yasiyoitwa ada

Shule za msingi za serikali Uganda hazina ada tangu mwaka 1997, na mtoto mkimbizi hupokelewa humo. Lakini kuna uji, sare, karatasi za mitihani, rimu, mifagio, karatasi za chooni. Ukiuliza tu "minervali (ada) ni ngapi?" utajibiwa "hakuna", kisha wiki ya pili mtoto amerudishwa nyumbani. Mwombe mlezi apige picha ya orodha ya mahitaji iliyotolewa na shule. Mwaka una mihula mitatu na wa kwanza huanza Februari. Fedha zifike Januari. Aliye S4, yaani kidato cha nne, ana gharama ya ziada, usajili wa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ambao hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka. Usajili ukifungwa bila jina lake, atangoja mwaka mwingine.

Ada ya sekondari ilipwe shuleni moja kwa moja. Shule nyingi humpa kila mwanafunzi namba yake ya malipo, na stakabadhi huja kwa simu. Fedha ya chakula itume kando, hata iwe kidogo. Mwaka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilianza kuwagawa wakimbizi kwa makundi ya uhitaji, na mwaka 2025 wengi wakaondolewa kabisa kwenye mgao. Fedha ya shule ikiingia nyumba yenye njaa itakuwa unga, na mimi ningekuwa yule bibi ningefanya vivyo hivyo. Usimgombeze, mtumie vyote viwili. Ongeza na ya kutolea: kuna makato ya kampuni ya simu, na kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa kila fedha inayotolewa.

Wasichana waliovunja ungo wapangie taulo za kike kila mwezi. Fungu hilo mpe shangazi, si kaka.

Kifaransa kikigeuka Kiingereza

Hapa ndipo watoto wetu wanapokatika. Mtoto alikuwa darasa la tano kwetu kwa Kifaransa, anafika Uganda anarudishwa P2 (darasa la pili) au hata P1 kwa sababu hajui Kiingereza. Kijana wa miaka 13 anakaa dawati moja na wa miaka 7, na anachekwa. Nimeona aibu hiyo ikiwafukuza shule kuliko ada.

Kambini wamo walimu wetu, watu wenye vyeti vya Kongo ambao hawajaajiriwa. Mtafute anayejua Kiingereza na umlipe kwa mwezi afundishe jioni, si mtoto wako tu, bali kikundi cha watoto wa mtaa. Likizo ndefu ya Desemba na Januari ndiyo nafasi nzuri zaidi. Baada ya hapo mlezi aende kwa mwalimu mkuu aombe mtoto ajaribiwe tena. Wengine hurushwa madarasa mawili. Nawe umwambie mtoto ukweli huu: hesabu anaijua tayari. Saba mara nane ni 56 kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, anachojifunza ni kuitamka tu.

Moyo wa mtoto

Mtoto aliyeona vita anaweza kukaa darasani na asisikie kitu. Mlango ukipigwa anaruka. Usiku anapiga kelele. Anakojoa kitandani akiwa na miaka 11. Haya si ukaidi wala si pepo, ni mwili ambao bado unaogopa, na kwa watoto wengi hupungua wakipata usalama, ratiba ya kila siku, michezo na mtu mzima mmoja asiyewachoka.

Wewe uliye mbali unaweza kuwa sehemu ya ratiba hiyo. Chagua siku moja na saa moja ya kupiga simu na uishike. Sisi ni Jumapili saa moja jioni ya Uganda. Majira ya baridi hapa Bolton ni saa kumi alasiri, kiangazi ni saa kumi na moja. Fuata saa ya kwao. Kama zamu imekubana, tuma sauti mapema: "Leo sitapiga, nitapiga Jumanne." Mtoto ambaye watu wake waliondoka asubuhi wasirudi hachukulii kimya chako kuwa ni shughuli tu.

Kwenye simu usimuulize habari za vita. Usimwambie asimulie baba alivyokufa ili uwasimulie wachangiaji. Uliza: leo mmecheza nini, nani alishinda, bibi kapika nini, mwalimu gani anakuchekesha. Akianza kusimulia mwenyewe, nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Usikimbilie "Mungu anajua" au "jikaze, wewe ni mwanamume". Mwambie, "Nimekusikia. Hilo ni zito. Umefanya vizuri kuniambia."

Habari ya kukojoa kitandani zungumza na bibi faraghani. Asimpige, na asianike godoro mbele ya watu huku akitaja jina. Tuma fedha ya shuka la pili na nailoni ya kutandika, na amwamshe mara moja usiku aende haja. Taa ndogo ya sola inasaidia usiku, na mtoto atasomea hiyo hiyo. Mpira na kamba ya kuruka visionekane anasa. Viwekeeni fungu kama daftari.

Kuna dalili zisizosubiri Jumapili: mtoto haongei wiki kadhaa, hali chakula, anajiumiza, au anasema afadhali afe. Aende kituo cha afya cha kambi na bibi aombe mshauri nasaha kwa jina hilo hilo, asiseme tu "ana malaria". TPO Uganda ni shirika lenye uzoefu wa miaka mingi wa afya ya akili kwa wakimbizi. Ulizeni kama wana watu upande anaokaa mtoto. Kama mtoto anapigwa au anachezewa mwili, mtu aliye huko apige 116, simu ya watoto ya Uganda, haina malipo. Na wapo wahubiri wanaomfungisha mtoto siku tatu kwa sababu haongei. Sala sawa, mimi pia nasali. Njaa hapana.

Bibi naye alikimbia. Mpigie siku nyingine, mtoto akiwa shule, umuulize: "Na wewe, mama, unalala?" Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walikusanywa kwa vikundi wakasikiliza masomo ya sauti ya kukabili msongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa yaliwapunguzia mateso ya moyo. Kikundi cha akina mama wanaosukana nywele au kulima pamoja nacho ni mahali pa kusemea. Kama kipo karibu naye, mlipie kiingilio.

Picha na shukrani

Usiweke uso wa mtoto kwenye status ya WhatsApp, machozi ndiyo kabisa. Hiyo video atakuja kuiona akiwa na miaka 20. Usimdai barua za shukrani wala nyimbo za kukusifu. Matokeo ya muhula omba, lakini akifeli, muhula unaofuata lipa kama kawaida na muulize ni somo gani linamshinda.

Kabla hamjaanza

Kubalianeni katika kikundi ni mpaka darasa gani, na mwandike. Mtu akipoteza kazi, bibi ajulishwe muhula mmoja kabla, si siku ya kufungua shule. Likelemba letu linaweka benki ada ya muhula mzima wa mbele kwa kila mtoto tuliye naye. Orodha ya wanaosubiri iko kwa mweka hazina, na hakuna jina linalotoka humo mpaka akiba hiyo iwe imekamilika.